Yatima saba wa Oregon na surua iliyovunja imani kati ya daktari na wazazi

Naomi Sager alikubali kuhama kwa sababu ambayo mzazi yeyote anaielewa: afya ya familia yake.

Mumewe, Henry, alikuwa mkulima na mhunzi asiyetulia mahali pamoja. Tayari alikuwa ameihamisha familia kutoka Ohio hadi Indiana, kisha Missouri, ambako wakati huo ndiko makazi ya Wamarekani weupe yalikoishia upande wa magharibi. Naomi alikuwa amechoka kufungasha vyombo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1840 habari za Oregon, nchi iliyo ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, zilikuwa zikizungumzwa kila kona. Ilisemwa kuwa ardhi huko ni ya rutuba, na kwamba hali ya hewa ni nzuri kwa afya. Katika bonde la mto Mississippi na mito inayouingia, homa za malaria zilikuwa jambo la kawaida, hivyo sifa hiyo haikuwa ndogo. Binti yake Catherine aliandika baadaye kwamba ni sifa hiyo ya hewa nzuri iliyomfanya mama akubali safari.

Aprili 1844 familia ilianza safari ikiwa na watoto sita, huku Naomi akiwa mjamzito wa mtoto wa saba. Kabla mwaka haujaisha, baba na mama wote wawili walikuwa wamezikwa njiani. Miaka mitatu baadaye, ugonjwa ambao leo mtoto anakingwa nao kwa sindano uliwapokonya watoto hao nyumba ya pili, na ukaua idadi kubwa ya watoto wa wenyeji wa eneo hilo.

Habari ya watoto wa Sager ni sehemu ndogo ya historia kubwa ya Wamarekani kuhamia magharibi katika karne ya 19. Kwa mzazi wa leo, ina somo kuhusu surua, na kuhusu kinachotokea pale wazazi wanapoacha kumwamini anayewatibia watoto wao.

Kilometa 3,200 kwa mwendo wa maksai

Njia ya Oregon ilianzia miji ya mpakani mwa Missouri na kuishia bonde la mto Willamette, umbali wa takriban kilometa 3,200. Familia ziliweka unga, maharage, nyama ya kukausha, zana na matandiko ndani ya gari la mbao lililofunikwa turubai na kukokotwa na maksai. Kwa kuwa gari lilijaa mizigo, watu wengi walitembea kwa miguu, wakiwemo watoto. Safari ilichukua miezi mitano hadi sita, na ilibidi imalizike kabla theluji haijafunga njia za milimani.

Kati ya miaka ya 1840 na kukamilika kwa reli ya kuvuka bara mwaka 1869, inakadiriwa kuwa watu kati ya 300,000 na 400,000 walipita njia hii na zile zilizochepuka kwenda California na Utah.

Naomi alijifungua binti mwishoni mwa Mei, wiki chache tu baada ya safari kuanza. Msafara hauwezi kumsubiri mzazi hadi arobaini ipite. Alilala ndani ya gari lililokuwa likirukaruka juu ya mawe, mvua ikipenya turubai, na nguvu zake hazikurudi vizuri.

Mwanzoni mwa Agosti, wakiwa karibu na ngome ya Laramie, Catherine mwenye miaka 9 aliruka kutoka kwenye gari likiwa linatembea, kama watoto walivyozoea kufanya. Gauni lake likanasa, akaanguka, na gurudumu likapita juu ya mguu wake. Baba aliuunga mfupa mwenyewe, kisha daktari Mjerumani aliyekuwa msafarani akamhudumia. Mtoto huyo alimalizia sehemu kubwa ya safari akiwa amelala ndani ya gari, kisha akitembelea magongo.

Ajali za namna hiyo zilikuwa nyingi. Watoto walikanyagwa na magurudumu, watu wazima walizama wakivuka mito, na bunduki zilifyatuka kwa bahati mbaya.

Adui aliyekuwa ndani ya ndoo ya maji

Filamu za Hollywood zimewazoesha watu kuamini kwamba hatari kubwa ya safari hizo ilikuwa mishale ya Wahindi Wekundu, jina ambalo wenyeji wa Marekani waliitwa zamani. Kumbukumbu hazionyeshi hivyo. Mwanahistoria John Unruh, katika kitabu chake *The Plains Across* kilichochapishwa mwaka 1979, alihesabu wasafiri 362 waliouawa na wenyeji kati ya 1840 na 1860. Katika kipindi hichohicho, wenyeji 426 waliuawa na wasafiri.

Waliokufa kwa maradhi ni maelfu. Mwaka 1849 na miaka michache iliyofuata, kipindupindu kiliandama misafara kando ya mto Platte. Mtu angeweza kuamka mzima asubuhi na kuzikwa kabla ya jua kuzama. Sababu yake leo inajulikana vizuri: maelfu ya watu na mifugo walipiga kambi sehemu zilezile, wakajisaidia karibu na maji, na waliofuata wakachota na kunywa hapohapo. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa ugonjwa unakaa majini. Wengi waliamini unaletwa na hewa mbaya.

Homa ya matumbo, inayoenea kwa njia hiyohiyo ya maji na chakula kichafu, ilijulikana miongoni mwao kama homa ya kambini. Hiyo ndiyo iliyompata Henry Sager. Alifariki mwishoni mwa Agosti 1844 akazikwa kando ya mto Green, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Wyoming. Naomi alikuwa tayari mgonjwa. Hata wiki nne hazikuisha, naye akafa kwa homa. Aliacha kichanga cha miezi minne hivi na watoto wengine sita. Mkubwa wao, John, alikuwa kijana wa miaka 13 hivi.

Ndipo watu wa msafara walipoonyesha utu. Akina mama waliokuwa wakinyonyesha walimpokea mtoto, akawa anapita kutoka gari moja hadi jingine ili apate maziwa. Nahodha wa msafara, William Shaw, pamoja na mkewe, waliwachukua wale wengine. Yule daktari Mjerumani akaendesha gari la marehemu. Hakuna aliyewaacha njiani, ingawa kila familia ilikuwa inapungukiwa na chakula chake yenyewe.

Nyumba ya daktari Whitman

Oktoba mwaka huo watoto walifikishwa Waiilatpu, misheni iliyokuwa karibu na mahali ulipo leo mji wa Walla Walla, jimbo la Washington. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1836 na Marcus Whitman, daktari na mmishonari kutoka New York, na mkewe Narcissa. Narcissa na mwenzake Eliza Spalding ndio wanawake weupe wa kwanza kuvuka milima ya Rocky.

Nyumba hiyo nayo ilikuwa na msiba wake. Mtoto pekee wa Whitman, Alice Clarissa, alizama mtoni Juni 1839 akiwa na miaka miwili. Narcissa hakupata mtoto mwingine. Alipowaona watoto saba wa Sager wakishuka garini, wakiwa wachafu, wembamba na wenye aibu, aliamua kuwalea wote. Kichanga kilikuwa dhaifu kiasi kwamba haikujulikana kama kingeishi. Kiliishi, na kikapewa jina la Henrietta Naomi, kwa kumbukumbu ya baba na mama.

Kwa miaka mitatu watoto walisoma, walifanya kazi za shamba na kuoga mtoni kila siku, kwa kuwa mama yao mpya alikuwa mkali katika usafi. Waliwaita Marcus na Narcissa baba na mama.

Lakini misheni ilikuwa imejengwa katika ardhi ya watu wa kabila la Cayuse, wafugaji hodari wa farasi. Mwanzoni waliwapokea wamishonari. Kadiri miaka ilivyopita, waliona jambo la kuwatia hofu: kila msimu wa mapukutiko magari yaliongezeka, na wenye magari hawakuja kupita tu, walikuja kukaa. Whitman mwenyewe alisaidia kuuongoza msafara mkubwa wa mwaka 1843, uliokuwa na watu wapatao 1,000. Wenyeji walianza kujiuliza kama huyu ni daktari wao au ni mwenyeji wa wageni wanaokuja kuchukua nchi.

Imani ilikuwa imeanza kulegea kabla hata ya ugonjwa. Historia za misheni zinaeleza kuwa huko nyuma matikiti yaliwahi kutiwa dawa ya kutapisha ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachuma bila ruhusa, na kwamba nyama yenye sumu ilitegwa kwa ajili ya mbwa mwitu. Wapo wenyeji walioumwa. Kwa wamishonari hayo yalikuwa mambo ya kupita. Kwa Wacayuse, yalikuwa kumbukumbu kwamba watu hawa huweza kutia kitu ndani ya chakula.

Surua inapofika

Mwaka 1847 surua, ambayo wengine huiita ukambi, iliingia katika nchi ya Wacayuse. Wanahistoria wametaja njia mbili: kundi la wenyeji waliorejea kutoka California, na misafara ya magari iliyopita mwaka huo.

Kuelewa kilichofuata kunahitaji kukumbuka namna surua inavyofanya kazi. Ni ugonjwa wa virusi unaosambaa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Virusi hivyo vinaweza kubaki hewani kwa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, hadi 9 huambukizwa. Huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, macho mekundu. Siku chache baadaye vipele hutokea usoni na kushuka mwilini. Mara nyingi kinachoua ni madhara yanayofuata, hasa nimonia, kuhara na uvimbe wa ubongo.

Anayepona hapati tena. Hapo ndipo tofauti ilipokuwa. Wahamiaji walitoka katika jamii ambazo surua ilikuwa ikizunguka kwa vizazi, hivyo watu wazima wengi walikuwa wameugua utotoni. Watoto wao walipougua, kulikuwa na mtu mzima mwenye afya wa kuwapa maji, kuwafunika na kuwalisha uji. Kwa Wacayuse ugonjwa ulikuwa mgeni. Uliwaangusha bibi, mama, baba na mtoto kwa wakati mmoja. Nyumba nzima ililala, bila wa kuwasha moto wala wa kuteka maji.

Wengi walitumia tiba waliyoiamini kwa maradhi mengine: kukaa ndani ya kibanda cha mvuke kisha kujitosa katika maji baridi ya mto. Kwa mwili wenye homa kali na mapafu yaliyovimba, tiba hiyo iliongeza hatari.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu nusu ya Wacayuse walikufa. Watoto ndio walioumia zaidi.

“Mbona watoto wake wanapona?”

Whitman alizunguka usiku na mchana akitibu pande zote mbili. Lakini hakuwa na kitu cha kuizuia surua. Chanjo pekee iliyokuwepo duniani wakati huo ilikuwa ya ndui. Ya surua ilipatikana zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1963.

Baba na mama wa Kicayuse hawakuhitaji takwimu. Waliona kwa macho yao kwamba daktari mmoja, kwa dawa zilezile, anawatibu watoto weupe wanapona, anawatibu wa kwao wanakufa. Uvumi ukaenea kuwa anawatilia sumu ili watu wake warithi ardhi na farasi. Kumbukumbu za matikiti na nyama zikarudi. Na kwa desturi yao, mganga ambaye wagonjwa wake wanakufa angeweza kulipa kwa uhai wake. Whitman aliijua desturi hiyo, na alikuwa ameonywa zaidi ya mara moja.

Novemba 29, 1847, wanaume wa Kicayuse walikuja mlangoni pa jiko wakiomba dawa. Miongoni mwao alikuwa Tiloukaikt, kiongozi aliyekuwa amezika watoto katika mlipuko huo. Whitman alishambuliwa kwa shoka humo humo. Narcissa alipigwa risasi. John na Francis Sager, vijana wawili waliowafikisha wadogo zao hadi pale, waliuawa siku hiyo hiyo. Kwa hesabu ya kawaida, waliouawa katika siku hizo walifikia 13.

Ghorofani, watoto wadogo walikuwa wamelala na surua. Catherine, sasa ana miaka 12, alikaa nao usiku kucha gizani, wakilia wakitaka maji. Siku chache baadaye mdogo wake Hannah Louise, aliyekuwa na miaka sita hivi, akafa kwa ugonjwa huo wakiwa mateka.

Gharama iliyolipwa na pande zote

Watu wapatao 50, wengi wanawake na watoto, walishikiliwa kwa mwezi mzima. Peter Skene Ogden wa Kampuni ya Hudson's Bay aliwakomboa kwa mablanketi 62, mashati 63, bunduki 12 na risasi 600, pamoja na tumbaku.

Mabinti wanne wa Sager waliobaki, Catherine, Elizabeth, Matilda na Henrietta, waligawanywa katika nyumba tofauti bondeni Willamette. Kwa mara ya tatu ndani ya miaka minne walianza maisha mapya kwa watu wasiowajua. Mnamo 1860 hivi Catherine aliandika kumbukumbu zake akitumaini kuziuza ili aanzishe kituo cha yatima. Hakupata mchapishaji, lakini familia yake iliyatunza maandishi hayo.

Kwa Wacayuse, msiba haukuishia kwenye makaburi ya watoto. Vita vilifuata. Agosti 1848 serikali ya Marekani iliitangaza Oregon kuwa eneo lake rasmi, hatua iliyoharakishwa na habari za mauaji yale. Wanaume watano wa Kicayuse, akiwemo Tiloukaikt, walinyongwa Juni 3, 1850. Mwaka 1855, kwa mkataba, Wacayuse na majirani zao Waumatilla na Wawalla Walla waliachia sehemu kubwa ya ardhi yao na kubaki na eneo dogo la hifadhi. Wajukuu wao wanaishi huko hadi leo.

Kila upande ulikuwa na wazazi waliotaka jambo moja: mtoto apone. Naomi aliifuata Oregon kwa ajili ya afya. Tiloukaikt alimwendea daktari kwa ajili ya afya. Whitman aliacha mji wake akiamini analeta uponyaji. Surua haikuangalia nia ya yeyote, na pale maelezo yalipokosekana, uvumi uliziba nafasi.

Mzazi wa leo achukue nini

Surua haijabadilika tangu 1847. Kilichobadilika ni kwamba kinga ipo. Nchini Tanzania na Kenya, mtoto hupewa chanjo ya surua na rubella akiwa na miezi 9, kisha dozi ya pili akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mtoto anakuwa ameanza kutembea na mzazi haendi kliniki mara kwa mara. Fungua kadi ya mtoto leo na uangalie kama zote mbili zimeandikwa.

Mtoto akipata homa, kikohozi, macho mekundu na vipele, mpeleke kituo cha afya mapema. Eleza mapokezi dalili zake ili asikae na watoto wengine kwenye foleni. Mpe maji na vinywaji mara kwa mara, na kama ananyonya, endelea kumnyonyesha. Wahudumu humpa vitamini A, ambayo hupunguza hatari ya upofu na kifo.

Na kama una shaka kuhusu chanjo au dawa, iulize pale pale kliniki, kwa sauti, mpaka ujibiwe kwa lugha unayoielewa. Mhudumu naye asikereke kuulizwa. Kule Waiilatpu maswali ya wazazi yaliishia kunong'onwa huku na kule, na yalipofika mlangoni kwa daktari yalikuwa yameshakuwa shoka.